Picha ya 51 haikupigwa na mtu mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ugunduzi wa umbo la DNA imerudia hadithi ile ile: James Watson alichungulia Picha ya 51, picha ya eksirei ya DNA iliyotoka maabara ya Rosalind Franklin, akarudi mbio Cambridge, yeye na mwenzake Francis Crick wakapata jibu. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa nia ya kumrudishia Franklin haki yake, lakini inampunja upya. Inamfanya mpiga picha asiyejua alichoshika, na inawafuta wengine kabisa.

Aliyekaa na kamera Mei 1952 ni Raymond Gosling, mwanafunzi wa uzamivu wa King's College, London, akisimamiwa na Franklin. Makala haikumtaja hata mara moja. Na DNA yenyewe ilitoka kwa Rudolf Signer wa Bern, Uswisi, aliyeitoa kwenye tezi ya thaimasi ya ndama bila kuzikatakata molekuli zake. Ikilowa maji huwa ute mzito. Ukiugusa kwa ncha ya kijiti cha kioo na kuinua taratibu, unavutika uzi mwembamba ambao molekuli zake zimelala upande mmoja. Maurice Wilkins, mtafiti mwingine wa King's, ndiye aliyeileta chuoni na kuutambua uzi huo. DNA iliyokatika haijipangi hivyo, na ukiipiga eksirei unapata ukungu mtupu.

Hata picha ya uzi mzuri huharibiwa na hewa iliyomo ndani ya kamera, kwa sababu hewa hutawanya mionzi na kuichafua filamu. Hivyo hewa huondolewa, ikajazwa haidrojeni. Gosling na Wilkins, walipoanza mwaka 1950, walizibia mwanya wa kamera kwa kondomu, na ikafaa. Franklin alipofika alienda mbali zaidi: aliipitisha haidrojeni kwenye miyeyusho ya chumvi ili autawale unyevu ndani ya kamera. Hapo ndipo ilipobainika kwamba DNA ina maumbo mawili. Unyevu ukiwa karibu asilimia 75, hukaa kama fuwele, ndilo umbo A. Ukipita asilimia 90, uzi hunywa maji, hurefuka na kugeuka umbo B. William Astbury na Florence Bell wa Leeds, waliopiga picha zao miaka ya 1930, walikuwa wakiyapiga yote mawili kwa mkupuo mmoja bila kujua, alama zikapandana. Picha ya 51 ni ya umbo B tupu, na filamu ilipigwa mionzi kwa zaidi ya saa 60. Muda wote huo unyevu haukutakiwa kuyumba, maana ukishuka, sehemu ya uzi hurudi umbo A na kazi yote inakwenda na maji.

Watson alioneshwa picha hiyo na Wilkins mwishoni mwa Januari 1953. Wilkins hakuiba; Franklin alikuwa anahamia Birkbeck, chuo kingine cha London, Gosling anarudi chini ya Wilkins, na picha ikapita njia hiyo. Alama yake ya X inaashiria msokoto, yaani molekuli iliyojisokota kama ngazi ya kuzunguka. Nafasi kati ya mistari yake hutoa urefu wa mzunguko mmoja, nanomita 3.4, na madoa mazito ya juu na chini hutoa 0.34, yaani nafasi kati ya kidato na kidato cha ngazi hiyo, hivyo vidato 10 kwa kila mzunguko. Lakini msokoto haukuwa habari ngeni. Alec Stokes wa King's alikuwa ameshapiga hesabu ya jinsi msokoto unavyotawanya mionzi, na Crick naye alikuwa na yake.

Kilichowafaa zaidi ni ripoti ya King's kwa Baraza la Utafiti wa Tiba, ambayo Max Perutz, mwanasayansi wa Cambridge, aliwapa Watson na Crick Februari. Ndani yake Franklin alieleza vipimo vya fuwele ya umbo A na aina ya ulinganifu wake. Crick alikuwa akichambua himoglobini (protini ya damu) ya farasi yenye ulinganifu wa aina hiyo hiyo, akaelewa papo hapo: molekuli ukiigeuza nusu mzunguko haibadiliki, kwa hiyo nyuzi mbili zinazounda molekuli zinaelekea pande zinazopingana. Franklin alikuwa na takwimu hiyo mkononi na hakuipa maana hiyo; hilo nalo lisemwe. Ripoti haikuwa ya siri, ila hakuna aliyemwuliza Franklin, na makala ya Watson na Crick katika jarida la Nature la 25 Aprili 1953 inagusia tu kwamba walifahamu kwa jumla matokeo ya King's ambayo hayajachapishwa.

Wenzetu husahau pia kwamba Franklin aliwasahihisha Watson na Crick mapema. Mwaka 1951 Watson alihudhuria mhadhara wa Franklin bila kuandika chochote, akakosea kiasi cha maji yaliyomo kwenye DNA, na wakajenga mfano wa nyuzi tatu zenye fosfati, yaani sehemu ya mgongo wa kila uzi, katikati. Franklin alikwenda Cambridge akaukosoa mfano huo waziwazi: fosfati huvuta maji, kwa hiyo zinakaa nje. Linus Pauling, mkemia Mmarekani, alirudia kosa hilo hilo mwanzoni mwa 1953.

Kisha yuko Jerry Donohue, mkemia Mmarekani aliyekaa ofisi moja na Watson na Crick. Watson alikuwa akikata kwa karatasi ngumu mifano ya besi, yaani vipande vinne vya DNA (adenini, thaimini, guanini na sitosini) vinavyounda vidato vya ngazi, akifuata vitabu vya kemia. Donohue akamwambia vitabu vimekosea: katika guanini na thaimini, atomu moja ya haidrojeni imechorwa juu ya oksijeni wakati inakaa kwenye naitrojeni. Ilipohamishwa, tarehe 28 Februari, adenini ikakamatana na thaimini, guanini na sitosini, na jozi zote mbili zikatoka na upana mmoja. Ndipo vipimo vya mwanakemia Erwin Chargaff, vilivyoonesha kiasi cha adenini kukaribiana na cha thaimini, na cha guanini na cha sitosini, vikapata sababu.

Si sahihi pia kuandika kwamba Franklin "alinyang'anywa Nobeli ya 1962". Alifariki Aprili 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Mkiichapa tena picha hiyo, chini yake andikeni hivi: Raymond Gosling na Rosalind Franklin, King's College London, Mei 1952, DNA ya Rudolf Signer, Bern.

Ni mimi msomaji wenu.