Buti sikununulii, mdogo wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza nifikishie shikamoo kwa Baba na Mama. Waambie mimi ni mzima, baridi ya huku haijanishinda. Ila barua hii Mama usimsomee yote. Kuna sehemu ya kucha ambayo sijawahi kumsimulia.

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe kweli mwakani unakwenda na wenzako kwenye mlima wa barafu! Nimefurahi, na nimeogopa kidogo, kama dada yeyote. Umeniandikia namba ya mguu wako, ukasema: "Dada, huko ndiko kwenye buti, ninunulie nzuri unitumie." Nimeisoma mara mbili na jibu ni hapana. Si uchoyo. Pesa nitatuma, lakini dukani utakwenda mwenyewe, na miguu yako miwili, tena jioni.

Buti zangu za kwanza nilizinunua kwa namba. Nilikuwa mgeni huku, naona haya kumsumbua muuzaji. Nikazivaa nimekaa kitini, nikasimama, nikapiga hatua tatu kwenye zulia, nikasema zinatosha. Kwa macho zilikuwa nzuri kweli: ngozi nene ya kahawia, mishono miwili imezunguka soli. Kupanda sikusikia kitu. Kushuka ndiko kulikonifunza. Kila hatua mguu unateleza mbele na kidole gumba kinagonga ukuta wa kiatu, saa nne nzima, hatua kwa hatua. Nilipovua jioni, kucha ya gumba la kulia ilikuwa zambarau. Wiki kadhaa baadaye nikaikuta imebaki ndani ya soksi. (Hapo ndipo Mama asifike.)

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na namba ya kiatu haikuambii chochote kuhusu kunguni. Namba hupima urefu tu. Kila kiwanda kina kalibu yake, lile umbo la mguu ambalo ngozi huvutwa juu yake wakati wa kushona. Moja ina kisigino chembamba, nyingine imepanuka vidoleni, nyingine ina mgongo wa chini. Namba ileile yako kwenye kalibu mbili ni viatu viwili tofauti kabisa. Sasa mimi nitajuaje kisigino chako kimekaaje? Mara ya mwisho kukuona peku ulikuwa bado unakimbizwa ukaoge.

Kabla hujaingia dukani, muulize kiongozi wenu mtatembea juu ya nini. Kama ni njia ya mawe na udongo, buti ngumu za ngozi ni adhabu ya bure, na uzito wa mguuni huchosha kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Ugumu una kazi yake. Ukisimama kwenye barafu ya mteremko kwa ncha ya kiatu tu, soli inayopinda inakuachia mzigo wote kwenye misuli ya nyuma ya mguu, na baada ya dakika chache miguu inaanza kutetemeka kama cherehani. Soli ngumu inakubeba kama kijukwaa. Halafu kuna kramponi, zile chuma zenye meno zinazofungwa chini ya kiatu: ukizifunga kwenye kiatu laini, kiatu kinapinda, chuma haipindi pamoja nacho, nayo inachomoka au inakatika mahali ambapo hungependa ikatike.

Waingereza wana daraja za ugumu wa buti ambazo utazisikia hata madukani kwingine. B1 hupinda kidogo na huchukua kramponi za kufunga kwa mikanda. B2 ni ngumu zaidi na ina mfereji nyuma ya kisigino wa kunasia klipu ya kramponi. B3 haipindi kabisa, nayo ina mfereji mbele na nyuma. Kramponi zenyewe hupangwa C1 mpaka C3, na kanuni ni kwamba herufi ya kiatu iwe na namba sawa au kubwa kuliko ya kramponi. Kwa safari uliyoniandikia, nadhani B2 itakutosha. Usimwache muuzaji akuvutie B3 kwa kukwambia "utakua nayo". Mguu wako umeshamaliza kukua.

Sasa dukani. Nenda jioni kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani itavimba zaidi. Kata kucha. Chukua soksi zilezile utakazopandia. Kitu cha kwanza, chomoa kile kitandiko cha ndani ukiweke sakafuni, ukikanyage: kama mguu unamwagika pembeni, rudisha buti, hakuna haja ya kuendelea. Halafu ingiza mguu bila kufunga kamba, usogeze mbele mpaka vidole viguse, na ujaribu kupitisha kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kujibana kidogo, urefu ni sawa. Kikipita kama kinatembea uwanjani, kiatu ni kirefu.

Kisha rudisha kisigino nyuma kabisa, gonga sakafu mara mbili, ndipo ufunge. Watu wengi hufunga kamba mguu ukiwa umekaa katikati ya kiatu, wanashangaa kwa nini hakikai.

Baada ya hapo kazi ni ya kisigino. Buti ngumu haipindi na mguu wako unapinda, kwa hiyo kisigino kitainuka kidogo tu, milimita chache, hilo ni la kawaida na hupungua ngozi ikishalegea. Kikiinuka mpaka usikie soksi inasugua, hapana. Duka zuri lina kijiteremko cha mbao. Shuka nacho ukikanyaga kwa nguvu kabisa. Usione haya, mimi niliona haya na nikalipa kwa kucha. Vidole visiguse mbele, na viweze kuchezacheza. Mguu mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwingine, na mara nyingi ndivyo ilivyo, mkubwa ndiye anayechagua. Kaa nazo nusu saa. Muuzaji akianza kutazama saa, mwache atazame.

Jambo moja ambalo wauzaji hulisema kwa nusu tu ni lile la "ngozi itajifungua". Itajifungua, ndiyo, lakini kwa upana na kwa umbo. Urefu haubadiliki hata milele, kwa sababu chini kuna ubao au bamba la chuma au plastiki ngumu, na mbele ngozi imezungushiwa ukanda wa mpira wa kuikinga na mawe. Vidole vikigusa leo, vitagusa mpaka kiatu kife. Ila kama kuna mfupa mmoja unabanwa ubavuni, fundi anaweza kukusaidia: ana kifaa kama koleo, upande mmoja duara na mwingine kitufe cha chuma, anabana ngozi pale pale penye mfupa na kuiacha mpaka asubuhi.

Ukigeuza soli unaweza kuona kibandiko cha njano kimeandikwa Vibram. Hilo ni jina la mtu lililofupishwa: Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia. Zamani walipanda na buti zilizopigiliwa misumari chini, na wakifika kwenye mwamba wanabadili viatu vyepesi. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa kwenye mlima Punta Rasica, dhoruba iliwakuta juu wakiwa na viatu visivyofaa kwa baridi na theluji. Bramani akakaa kutafuta soli moja itakayofaa kote, mwamba na theluji, akatoka na mpira wenye meno makubwa. Hataza ilipatikana mwaka 1937, na mwaka 1954 Waitaliano wa kwanza kufika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, walikuwa na soli zake. Nakuandikia haya kwa sababu najua utachagua kwa rangi. Geuza kiatu kwanza.

Sasa kuzizoesha. Hapa ndipo utanichukia, maana wewe ni mtu wa leo kwa leo. Anza wiki sita kabla ya safari, ikiwezekana miezi miwili.

Mwanzo vaa ndani ya nyumba tu, soli ikiwa safi, maana bado unaweza kuzirudisha. Leo jioni kwa muda wa saa moja, kesho kwa saa mbili. Mimi buti zangu za pili nilizizoesha nikiosha vyombo na kufagia. Jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio siku mbili mfululizo, siku ya tatu akapanda kuja kuuliza kama nafuga farasi. Ukiwa unatembea, tazama pale juu, mguu unapokutana na ulimi wa kiatu. Hapo ndipo ngozi itakunja kwa mara ya kwanza. Mkunjo wa kwanza ndio utakaobaki, kwa hiyo ulimi ukae katikati, umenyooka, na kamba zisiwe na pindo. Ulimi wangu wa kushoto niliuacha umekwenda upande, na mpaka leo kuna tuta dogo linanikumbusha kila nikipanda ngazi.

Halafu ngazi. Panda na kushuka, panda na kushuka, dakika ishirini. Baadaye matembezi mafupi, kisha marefu, kisha marefu na mzigo mgongoni, maana mzigo hukandamiza mguu na kuupanua. Usiruke hatua. Mwisho wa mwezi utasikia tofauti kwa masikio: ule mlio wa ngozi, kwii kwii, unapungua mpaka siku moja unagundua hujausikia tangu asubuhi.

Kuna atakayekushauri uziloweke kwenye maji ya moto uzivae mpaka zikaukie mguuni. Najua utamjibu kwa furaha kwamba hata wahenga walisema ngozi ivute ili maji. Wahenga hawakuwa na gundi ndani ya ngozi yao. Buti hizi zina tabaka, kitambaa, gundi, pengine na utando wa kuzuia maji. Maji ya moto yanaharibu vyote na ngozi ikikauka inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Zikilowa kwa mvua ni sawa, lakini zikaushe kivulini, zijaze magazeti, ubadilishe magazeti yakilowa. Kando ya moto usiziweke kabisa. Zikikauka, zipake nta kidogo kwa kitambaa. Kidogo. Mafuta mengi hulainisha ngozi, na wewe ulilipia ugumu.

Malengelenge nayo hayaji ghafla. Kwanza unasikia joto mahali pamoja, kisiginoni au ubavuni mwa gumba. Hapo hapo simama, vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa juu ya ngozi iliyo nzima. Wenzako watakunung'unikia kwa kuwachelewesha dakika tano. Lengelenge likishapasuka watakusubiri siku nzima. Soksi za pamba ziache nyumbani, zinashika jasho na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Vaa mbili: nyembamba ndani, ya sufu juu, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Na ukipanda, legeza kamba za juu. Ukianza kushuka, simama ukaze upya, hasa pale kwenye kifundo, uzungushe kamba mara mbili kabla ya kuivuta ili isilegee. Lau ningejua hilo tu, kucha yangu ningekuwa nayo.

Umesema pia kuna rafiki anauza buti zake, amezivaa mara moja tu, zimekaa kabatini miaka kumi kama mpya. Mshukuru na umkatalie. Soli nyingi zina tabaka la katikati la povu la poliyurethani, na hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa tu, hata kiatu kikiwa kimelala. Nimemwona mtu soli ikimtoka yote kwa pamoja katikati ya njia, akamalizia siku amefunga kiatu kwa mkanda wa begi. Juu ngozi inang'aa, chini unga.

Pesa zitafika wiki hii. Kifurushi kitachelewa, ndani kuna soksi jozi nne, mbili nyembamba na mbili za sufu, na zile za kijivu ni za Baba, usijifanye hukuona. Nenda dukani na zako, halafu niandikie kisigino kinasemaje baada ya nusu saa. Ukiniandikia rangi ya buti kabla ya kuniambia kisigino, sijibu.

Dada yako