Wasifungue difu kwanza

Kaka Deo,

Vipi Musoma, shemeji na watoto hawajambo? Huku Nyegezi tupo salama, joto tu na vumbi, ila hilo tuliache maana nimesoma ulichoandika kuhusu ile Toyota Altezza yako kuguna huko nyuma na moyo umeniuma pale ulipofika kwa fundi, eti kasikiliza akiwa amesimama nje getini, kasema difu, lile boksi la gia kati ya tairi za nyuma, imekufa, tafuta nyingine used. Kaka nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Difu ya RS200 ya gia za mkono yenye Torsen, zile gia za kuzuia tairi moja lisizunguke bure, haipatikani kirahisi, na hiyo utakayoletewa hujui ilitembea kilomita ngapi huko Japani wala kama ilikuwa na oili, unaweza ukaifunga ikalia kuliko ya kwako.

Afu kuna kitu umekiandika haraka haraka ukapita, kwamba ukikata kulia kidogo ukiwa kwenye mwendo sauti inazidi. Hapo ndo mi nimeganda. Tutarudi.

Kabla hujaniambia inalia vipi niambie inalia lini. Toka asubuhi mapema barabara ya kuja huku, ukishaiacha Bunda ile sehemu tambarare ya kwenda Lamadi, geti la Ndabaka kule, funga vioo, zima redio na AC, na mtu akae siti ya nyuma akusikilizie maana we dereva uko mbali na difu. Ukiwa nje ya vijiji fika 80. Kanyaga mafuta taratibu ivute, msikilize. Achia mguu kabisa gari ikiwa bado kwenye gia, msikilize. Afu shikilia mguu pale katikati ambapo haivuti wala haijizuii. Krauni na pinioni, yani gia kubwa ya ndani ya difu na ile ndogo inayoizungusha, zinasukumana kwa upande mmoja wa meno ukikanyaga na kwa upande mwingine ukiachia, kwahiyo mlio unaokuja na kupotea kwa kufuata mguu wako ni wa meno, na kama unalia ukiachia tu basi shika pinioni, mara nyingi beringi zake zimelegea au nati imeachia. Lakini kama inavuma vilevile ufanye nini na mguu, inafuata spidi tu, hapo meno hayahusiki sana, hamia kwenye beringi na tairi. Na kwenye hiyohiyo 80 badilisha toka gia ya tano uende ya nne, injini itapanda mzunguko, sauti ikibaki palepale ujue inatoka nyuma ya giaboksi.

Tairi kaka usizidharau, ndo zinadanganya watu kuliko kitu chochote. Tairi iliyoliwa kwa mawimbi inavuma kama beringi kabisa. Dawa yake ni kuangalia lami, ukitoka lami kuukuu yenye kokoto ukaingia lami laini sauti ikabadilika ghafla basi ni tairi, difu haijui unapita lami gani. Au azima tairi za nyuma za mtu uzunguke nazo mjini ujiridhishe.

Sasa beringi. Altezza yako ina final ya 4 na kidogo, yani tairi likizunguka mara moja propela, ile shafti ndefu toka giaboksi, na pinioni zimezunguka mara 4 na kidogo, na kwa tairi za 215/45 za inchi 17 ukiwa 80 tairi linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, pinioni zaidi ya mara 45. Ndomana beringi ya pinioni ikichoka inatoa sauti nyembamba ya juu, wakati beringi za pembeni za difu na za habu, pale tairi linapofungwa, zinaguna chini, zito, unalisikia mpaka kwenye sakafu. We umeandika inaguna. Na ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto, beringi ya tairi la kushoto inabanwa, inapiga kelele zaidi. Mtu anaweza kukwambia ni gia ndogo za ndani ya difu kwa vile inazidi kwenye kona, lakini zile zinafanya kazi kweli ukikunja sana taratibu, kwenye parking au kigeuzio, kwenye kona ndogo ya mwendo zinajongea kidogo sana. Mi nahisi habu ya nyuma kushoto. Nahisi, sijasema nimeona.

Ipandishe nyuma yote kwenye stendi za chuma, sio mawe, najua huku Mwanza yote inapandisha gari kwenye mawe ila kaka we una watoto. Injini imezimwa, gia neutro, zungusha kila tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi mbovu inakwaruza na unaisikia kwenye vidole kupitia springi kabla masikio hayajasikia. Usiwashe injini kuzungusha tairi zikiwa zinaning'inia ukaamini unachosikia, shafti zinakuwa zimepinda pembe ambayo barabarani hazikai, zinatoa kelele zisizokuwepo. Ukiwa huko chini shika propela pale inapoingia kwenye difu, isukume juu chini, isicheze hata kidogo, na angalia raba ya senta beringi, ile inayoshika propela katikati, kama imechanika.

Ukimaliza mwaga oili ya difu, ila fungua kwanza nati ya kujazia ya juu, maana ukimwaga afu ya juu ikagoma gari imelala hapo. Ile ya chini mara nyingi ina sumaku. Utakuta tope la kijivu, lipake kati ya vidole, likiwa laini kama hina ni kawaida ya gari ya 1999, ukikuta vipande vinavyochoma au vigamba vinavyong'aa hapo fundi wako ana hoja. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, hilo huku ziwani linatokea sana, watu wanaingiza gari majini kuosha difu ikiwa ya moto, hewa ya ndani inapoa inajikunja inavuta maji. Rudishia oili ya difu ya GL-5, 75W-90.

Na mtu asikwambie tukaze tu nati ya pinioni itanyamaza. Ndani kuna spesa inayobonyea kwa kipimo, ukiongeza mkazo beringi zinabanwa, zinachemka, zinakufa kweli. Ule mchezo wa krauni na pinioni, yani nafasi ndogo kati ya meno yao, kwenye Toyota nyingi ni milimita 0.13 hadi 0.18, huwezi kuupima kwa jicho, kwahiyo fundi asiye na saa ya kupimia mchezo huo asiifungue hiyo difu, hata awe rafiki yako.

Fanya ya barabarani kwanza, afu uniandikie ilikuwaje ukikanyaga, ukiachia, na ukikata kushoto. Kushoto ndo nakusubiria, ikinyamaza ukikata kushoto nakutafutia beringi ya habu huku mjini naituma na basi.

Msalimie mama.

Nduguyo wa Nyegezi