Wasalassi waliuza maji kabla ya kuuzwa wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimsahihishe mwandishi wa makala yenu ya utalii kuhusu mji wa Aosta, kaskazini-magharibi mwa Italia. Amezisifu kuta za Kirumi na tao la Augusto, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, na hapo sina ugomvi naye. Lakini wenyeji wa bonde lile, Wasalassi, kawapa sentensi moja tu: kwamba walikuwa "wanyang'anyi wa milimani" waliotoweka Warumi walipofika. Sentensi fupi, makosa mawili.

Tuanze na huo unyang'anyi. Wasalassi, kabila la Kikelti, walikuwa waosha dhahabu, yaani waliitenga na mchanga kwa maji. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama za Augusto, anaeleza walivyokuwa wakiyachepusha maji ya mto ambao leo unaitwa Dora Baltea na kuyagawa kwenye mifereji mingi, hata mto wenyewe ukabaki mtupu. Wakulima wa bondeni wakakosa maji ya kumwagilia. Vita vikazuka mara kwa mara, chanzo kikiwa ni mifereji hiyo. Mwaka 143 KK Appius Claudius Pulcher, konsuli (mmoja wa watawala wakuu wawili wa Roma), akaenda kuwapiga. Akapigwa yeye kwanza, kisha akashinda, akarudi Roma kudai gwaride la ushindi. Aliponyimwa alilifanya kwa gharama yake, akampandisha garini kuhani wa kike wa mungu Vesta wa ukoo wake, ambaye ilikuwa mwiko kumgusa, ili asitokee mtu wa kumshusha!

Baada ya hapo Warumi wakatwaa machimbo ya dhahabu na kuyakodisha kwa wazabuni. Wasalassi wakabaki juu, kwenye vyanzo vya maji, na wakawauzia wazabuni hao maji yale yale. Sijui jina la kumpa mtu wa namna hiyo, lakini mnyang'anyi silo. Magomvi yaliyofuata, Strabo huyo huyo anayahusisha na tamaa ya wazabuni.

Njia za Alpi walizitoza, ni kweli. Jemadari wa Kirumi Decimus Brutus alipokuwa akikimbia kutoka Mutina (Modena ya leo) mwaka 43 KK, alilipa drakma moja kwa kila kichwa cha askari. Messalla, jemadari mwingine wa Kirumi aliyepiga kambi jirani nao majira ya baridi, alinunua kwao kuni na miti ya kuchongea mikuki. Waliwahi hata kupora fedha za Kaisari, sikatai. Ila tukumbuke kwamba tunayasoma haya kwa kalamu za upande wa mshindi.

Mwaka 25 KK Augusto alimtuma jemadari Terentius Varro Murena. Mwanahistoria Cassius Dio anasema Wasalassi walishindwa, wakakubaliana na Varro kiasi cha fedha watakachotoa. Askari wakatawanywa vijijini kana kwamba wanakwenda kukusanya fedha hizo, wakawakamata vijana wa umri wa vita. Wakauzwa kwa sharti kwamba yeyote asiachwe huru kabla ya miaka 20. Strabo anataja hesabu ya mnada uliofanyika Eporedia, ambayo sasa ni Ivrea: watu 36,000, mbali na wapiganaji 8,000. Kisha Warumi 3,000 wakapewa makazi pale alipopiga kambi Varro. Ndiyo Aosta hiyo.

Je, walitoweka? Pale pale Aosta limepatikana jiwe la maandishi lililochongwa kama miaka miwili tu baada ya mnada, kwa heshima ya Augusto. Waliolisimamisha wanajitaja wenyewe: Wasalassi wakazi, waliojiunga na koloni, yaani makazi hayo ya Warumi, tangu mwanzo. Wanamwita mlezi wao mtu yule yule aliyeagiza ndugu zao wapigwe. Walijiunga kwa kupenda au kwa kuokoa shingo, jiwe halisemi. Lakini walikuwepo, wakiwa na jina lao.

Makala hiyo ikichapishwa tena, naomba sentensi ile ibadilishwe.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro