Gavius, Cicero na wale watu watano

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Uliniuliza kama kiongozi anaweza kuiweka sheria kando nchi inapokuwa hatarini. Swali lako limenishughulisha sana, na kila nikiliwaza namkumbuka Cicero, yule wakili na mwanasiasa wa Roma ya kale.

Mwaka 70 KK alimshtaki Verres, aliyekuwa liwali wa Sisilia. Wizi wa Verres ulikuwa mkubwa, hata sanamu za mahekaluni hakuziacha, lakini mimi linaloniuma zaidi ni la Gavius. Huyu alikuwa raia wa Roma. Cicero anaeleza kwamba alichapwa viboko katikati ya soko la Messana, mji wa Sisilia, na fimbo zilipokuwa zikimshukia hakutoa kilio, alisema tu: "Mimi ni raia wa Roma." Kisha akasulubiwa mahali panapotazamana na Italia ng'ambo ya mlangobahari, ili aione nchi yake huku akikata roho. Verres alipachagua pale makusudi.

Sasa tazama miaka saba baadaye. Cicero ndiye konsuli, yaani mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma, na Catilina, mwanasiasa mwenzake, anapanga mapinduzi. Wafuasi watano wa Catilina wanakamatwa. Sheria ilikuwa wazi: raia hauawi bila hukumu ya wananchi. Seneti ikajadili tarehe 5 Desemba 63 KK, na usiku huohuo wakanyongwa gerezani. Kesi haikuwepo.

Katika mjadala ule Julius Caesar alikuwa amewaonya maseneta. Kwa maelezo ya mwanahistoria Sallust, alisema kila desturi mbaya ilianzia kwenye jambo jema. Akawakumbusha enzi za Sulla, dikteta wa Roma: wa kwanza kuuawa walikuwa waovu kweli, watu wakashangilia. Muda si muda, mtu akitamani nyumba ya mwenzake, au shamba, au hata chombo na nguo tu, alifanya juu chini mwenye mali aingizwe katika orodha ya wa kuuawa. Caesar naye alikuja kuivunja sheria vibaya zaidi, lakini siku ile alisema haki.

Mwaka 58 KK Cicero alikwenda uhamishoni kwa sababu ya wale watano, na nyumba yake ikabomolewa. Mwaka 43 KK Antonius na wenzake, walioshika madaraka Roma, wakatoa orodha yao ya wa kuuawa, Cicero akiwemo. Kichwa chake kilitundikwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia.

Simhesabu kuwa mtu mbaya. Jeshi la Catilina lilikuwepo kweli huko Etruria, kaskazini mwa Roma, na hofu ya Cicero ilikuwa na msingi. Hata hivyo jibu langu ni hapana, na nalitoa kwa ajili ya Gavius: kinga aliyoiita akichapwa ndiyo hiyohiyo waliyonyimwa wale watano, ingawa wao walikuwa na hatia.

Hoja inayonitatiza ni ya seneta Cato, aliyempinga Caesar katika mjadala uleule. Alisema makosa mengine huadhibiwa yakishatendeka, ila hili la kuipindua nchi, lisipozuiwa mapema, hutapata tena mahakama ya kulipeleka. Wewe uliyezeekea mahakamani, niandikie ungemjibu nini.

Wasalaam,
Rafiki yako