Siku ya bahari si siku ya bure

Mhariri,

Makala yenu kuhusu safari za meli za Aktiki inamshauri msomaji akwepe ratiba zenye siku nyingi za bahari, yaani siku za kusafiri tu bila kushuka nchi kavu, eti siku hizo hakuna cha kuona. Mimi ni baharia wa sitaha kwenye meli ndogo ya aina hiyo, na nina neno.

Kati ya Greenland Mashariki na Svalbard, visiwa vya Norway huko Aktiki, nchi kavu hupotea machoni kwa takriban siku mbili. Hapo ndipo abiria hujipanga na buti, makoti na mikoba ya kamera ili tuvikague, visije vikapeleka mbegu ngeni huko tunakoshuka. Tunafyonza vumbi mifukoni, tunachokoa soli kwa kibanio. Bwana mmoja alinung'unika kwamba koti lake lilikuwa jipya kabisa. Nikamtolea mfukoni mbegu ya nyasi yenye vinyweleo, safari ndefu kwa nyasi! Akaitazama, akaenda kumwita mkewe alete na lake.

Tukielekea Svalbard, huo pia ndio muda wa kuelezana sheria zilizoanza mwaka 2025: dubu mweupe hasogelewi chini ya mita 300, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Ukishaona dubu, masikio hayafanyi kazi tena.

Na cha kuona kipo. Fulma, ndege wa kijivu, hutufuata tezi akielea hewani, bawa akilipiga mara chache tu. Tukikaribia barafu, mawingu ya upeo wa macho huwa meupe kwa chini, maana barafu inayarudishia mwanga. Kisha mawimbi hulala ghafla, kwa kuwa barafu imeyavunja nguvu. Barafu hiyo hushuka kutoka kaskazini kupitia Mlangobahari wa Fram, wenye jina la meli ya mpelelezi Mnorwe Fridtjof Nansen, aliyeiacha makusudi inaswe na barafu mwaka 1893 ikachukuliwa na mkondo hadi ikachomoka karibu na Svalbard mwaka 1896. Huyo siku zake za bahari hakuzihesabu kama hasara.

Mkiandika tena, waambieni wasomaji waulize kabla ya kulipa kama abiria huruhusiwa kuingia chumba cha usukani. Meli nyingi za namna hii huruhusu, bahari ikiwa shwari. Na dawa ya kichefuchefu imezwe kabla meli haijaanza kuyumba. Ukingoja uanze kutapika, hata kidonge chenyewe hakitakaa tumboni.

Baharia wa sitaha,
Longyearbyen