Kisomo kinaishia mlangoni mwa chuo

Mhariri salam,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mimi nafundisha kisomo, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu kwa watu wazima, kwa kujitolea hapa Morogoro, tunaanza saa 10 jioni kwenye darasa la shule ya msingi watoto wakishatoka, karibu wote ni wanawake na wengine wanakuja na mtoto mgongoni.

Sasa kuna mama mmoja ana cherehani ya kukanyaga, anashona mashuka na kurekebisha sare za shule, na mkono wake ni mzuri kweli. Alipokuja kwetu futi kamba alikuwa nayo lakini namba hasomi, alikuwa anatia kifundo kwenye uzi, kifundo cha kiuno, kifundo cha mabega, uzi mmoja kwa kila mteja. Leo anasoma sentimita bila kukosea na anaandika kwenye daftari, akaniambia mwalimu nataka kwenda chuo nikajue kukata suti. Nikafurahi, tukaenda wote.

Kwenye chuo hicho (sikitaji) kijana wa mapokezi akatupa fomu, mama akajaza jina mwenyewe taratibu, alipofika kwenye mwaka wa kumaliza darasa la saba akaacha wazi. Kijana akairudisha, "mama hapa hujajaza". Mama akamjibu sijasoma, ndio maana nimekuja. Basi ikaishia hapo, tukaambiwa tulete cheti. Na hata kama cheti kingekuwepo masomo ni saa 2 asubuhi mpaka saa 9 siku 5 za wiki, wakati yeye asubuhi anauza vitumbua na ndio hela ya kula ya siku hiyo, halafu mtoto amwachie nani?

Kinachoniuma ni kwamba nchi hii haijaanza jana. Mwaka 1970 wote ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza miaka ya 70 hiyo hiyo kwa ajili ya watu wa aina hii, viko 54 na baadhi vinapokea akina mama na watoto wao, mtoto anaangaliwa pale pale mama akiwa darasani. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo anapewa cheti. Vitu vipo jamani! Lakini wanafunzi wangu hakuna aliyekuwa amesikia hata kimoja, na mimi mwenyewe ule wa kurasimisha nimeujua kwa kuuliza uliza tu. Sisi tuko idara hii, chuo kiko idara ile, halmashauri inatoa mikopo kutoka asilimia 10 ya mapato yake, ambayo 4 ni ya wanawake, nayo iko ofisi nyingine, anayezunguka kote huko ni mama mwenye mtoto mgongoni na nauli ya bodaboda ya kukopa.

Mimi naona kikubwa ni mtu wa kuwavusha. Afisa elimu ya watu wazima akae na wakuu wa vyuo wakubaliane kwamba barua ya mwalimu wa kisomo inatosha kwa kozi fupi, na kozi yenyewe iwepo ya jioni. Mwalimu wa ushonaji aje darasani kwetu hata mara moja aone hawa watu wanavyofanya kazi, maana kwenye fomu hawaonekani. Kuliko kila mwaka tunaletewa mgeni rasmi na fulana, anagawa vyeti vya kisomo ambavyo chuo hakivipokei.

Ile fomu bado ninayo. Pale kwenye mwaka wa kumaliza darasa la saba tumeandika "kisomo", wiki ijayo tunairudisha tuone watasemaje.

Mwalimu wa kujitolea,
Morogoro