Nimempata Bwana Ocol!

Shoga yangu,

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, ila mvua zinatutesa na barabara yetu ndiyo ile ile unayoijua. Nakuandikia harakaharaka kwa sababu nimempata mwalimu wetu wa Kiingereza. Amestaafu, yuko kwao Morogoro, na sauti haijabadilika hata kidogo.

Jina la Bwana Ocol ulimpa wewe, usikatae. Kidato cha tatu, jua la saa nane, yeye kafunga tai mpaka kooni, anatusomea kwa mikogo yote Song of Lawino, lile shairi refu la mke anayemlalamikia mumewe, Ocol, kwa kuiga Uzungu. Akifika pale Lawino anapomcheka Tina, yule mwanamke mwingine wa Ocol, na midomo yake myekundu, anashika kiuno, anabinua mdomo, darasa hoi. Ukaninong'oneza, “Ocol mwenyewe si huyu hapa?” Akasikia. Mimi nilishajua fimbo hiyo inakuja. Akaweka kitabu mezani, akalegeza tai, akasema haya, njoo mbele umtetee Lawino, mimi ndiye mumewe. Mlibishana mpaka kengele ikalia, wewe na Kiingereza chako cha kuungaunga, na hakukukatiza kukusahihisha hata mara moja. Makosa aliyaandika ubaoni kesho yake, bila kusema ni ya nani.

Wenzetu wa mkondo wa pili hawakuwa na bahati hiyo. Unajua tulivyotoka shule ya msingi, kila kitu Kiswahili, tukafika sekondari hata baiolojia ni Kiingereza. Wengi tuliokoka kwa kukariri madesa. Na kile kibao cha kuvishwa shingoni ukikutwa unaongea Kiswahili! Wiki ya zamu ya Bwana Ocol kibao kilikuwa kinalala kwenye droo, wala hakuna aliyeuliza.

Alikuwa akituambia mtunzi Okot p'Bitek alimwandika Lawino kwa Kiacholi kwanza, ndipo akamwingiza kwenye Kiingereza mwenyewe, kitabu kikatoka 1966. Kwa hiyo na sisi tusishike kalamu kabla hatujajua tunataka kusema nini, hata kama tunakiwaza kwa Kisukuma. Ukimletea sentensi ya madesa, anaipigia mstari kwa penseli, pembeni anauliza: nani kasema? Daftari langu lilikuwa na “nani kasema” nyingi kuliko vema. Mpaka leo nikiletewa ripoti ofisini imejaa maneno mazito, mkono unaniwasha kuandika hivyo hivyo pembeni.

Nimemwambia tutakwenda kumwona Pasaka. Amekuulizia kwa jina, akataka kujua kama bado unabisha. Nikamjibu amuulize shemeji. Sasa nijibu mapema nikate tiketi, maana tukisubiri wiki yenyewe mabasi yatakuwa yamejaa. Mkewe nitamchukulia kitenge. Wewe fikiria cha mzee, ila tai usinunue: anasema zote amezigawa.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Shoga yako